Subira Mchoma Chokaa na Macho ya Mkwewe

Wiki mbili kabla ya mfungo wa Ramadhani, kuta za Kasongo huanza kuwa nyeupe mtaa baada ya mtaa. Wanawake hufunga vikwembe vyao vizuri kiunoni, huchovya mafagio kwenye ndoo, na kupaka kuanzia msikitini hadi nyumba ya mwisho penye mashamba ya mpunga. Nilipopita huko mwaka 1957, chokaa yote hiyo ilitoka kwa mtu mmoja, Subira binti Faradji, mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya mto. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kando ya shimo lililokuwa likitokota na kutoa mvuke. Chini ya shimo lile hapakuwa na kuni wala kaa la moto.

"Usisogee na jasho lako," aliniambia kabla hata ya salamu. "Hii iko na kiu."

Alikuwa anazima chokaa. Aliyeikuta chokaa ukutani tu, baridi na nyeupe, hawezi kujua ilikotoka. Magamba ya chaza wa mtoni huchomwa tanurini siku mbili mfululizo, na yakitoka huwa mawe meupe, mepesi kama mkate uliokauka. Mawe hayo yanataka maji. Ukiyamwagia, huvimba, hupasuka, huchemka yenyewe mpaka maji yanaruka. Yakishatulia yamekuwa uji wa kupaka. Kabla ya hapo ni moto uliolala, na jasho la mkono linatosha kuuamsha.

Subira alizaliwa Nyangwe, penye mto mpana wa Lualaba, katika moja ya zile nyumba za zamani za waungwana ambazo babu zake walijenga wakati wa biashara ya misafara. Utajiri wa babu ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni ufundi wa tanuri, ambao baba yake, Faradji, aliurithi akamrithisha yeye kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume. Wakati wa kiangazi, mto ukishuka na mawe yakatokeza, baba na binti walipiga kasia hadi kwenye miamba wakabandua magamba mpaka jioni.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, alitoka mtoni na miguu iliyolowa akakanyaga rundo la chokaa isiyozimwa. Mama yake alisikia kilio, akaja mbio na kibuyu, akamwagia mguu maji ya kibuyu kimoja. Maji yale kidogo ndiyo yaliyochemka pamoja na ngozi. Baba alifika, akampokonya mkewe kibuyu, akaukung'uta mguu kwa kitambaa kikavu mpaka unga wote ukatoka, ndipo akambeba mwanawe hadi Lualaba, akakaa naye majini, mguu ndani ya mkondo, mpaka jua likavuka upande wa pili. Kovu lile bado lipo. Subira hutembea akiegemea kidogo ukingo wa wayo wa kushoto, na ukimfuata nyuma barabarani utaona nyayo mbili zisizofanana.

Tangu siku hiyo hakuhitaji kufundishwa tena. Kwanza ukavu, halafu mto mzima. Kati ya hayo mawili, kibuyu ni adui. Wachoma chokaa wa Nyangwe walishika jambo hilo hata katika ibada. Adhuhuri ikiwakuta tanurini hawakutawadha kwa maji ya birika, bali walijipangusa kwa udongo safi kama msafiri aliyekosa maji, wakasali hivyo.

Aliolewa na mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu, akahamia Kasongo, akazaa binti mmoja, Mwanvua, kisha akafiwa na mume. Mwanvua alipokua alimpenda dereva mmoja Mkristo, Mubangubangu wa Kabambare, jina lake Zéphirin. Wajomba wa Kasongo walikataa mwaka mzima. Walisema mengi juu ya dini, na mengine juu ya madereva. Aliyewashinda ni Subira, na alipenda kueleza kwa nini. Siku Zéphirin alipokuja kuposa, alizunguka nyumba yote ili asipite mbele yake, akakaa akimpa mgongo, akajibu kila swali akitazama mguu wa meza.

Heshima kati ya mtu na mama mkwe wake nimeiona katika nchi nyingi na nimeisikia katika lugha nyingi, lakini kwa watu wa ukoo wa Zéphirin ilikuwa kali kuliko kwa waungwana wa Kasongo. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hamgusi, hali mbele yake, hasemi naye ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Mwanzoni Subira alichekea ndani ya kikwembe chake. Baadaye aliona kwamba kijana anayejichosha namna hiyo kwa ajili ya mama atamtunza na binti, akamkubali. Miaka minne ilipita bila wao kuonana uso kwa uso.

"Kisogo chake nilikijua vizuri," aliniambia. "Uso, hapana."

Mwezi wa kumi wa mwaka 1953, Mwanvua alikuwa Kabambare akikaribia kujifungua mtoto wa pili. Zéphirin, aliyeendesha lori la mfanyabiashara mmoja, alipeleka habari kwamba angepita Kasongo na angeweza kumchukua mama. Subira alipakia mchele, mafuta ya mawese na vitambaa vya mtoto. Kukaa kwenye kiti cha mbele pamoja na mkwe hakukuwezekana hata kufikiriwa, kwa hiyo alipandishwa nyuma, juu ya magunia, akikaa kuelekea walikotoka. Kati yao alikuwepo Asani, mpakizi, mwanamume wa Kasongo mwenye kifua kipana na mdomo usiolala, ambaye ndiye aliyebeba maneno ya huku na kule. Mkwe akitaka kujua kama mama amekaa vizuri, Asani aliegemea dirishani akasikiliza, akainuka akauliza. Naye aliongeza yake njiani. "Mama, mukwe wako anauliza kama umekaa vizuri ao akuletee kiti ya Bwana Muzungu."

Nyuma ya magunia yalipangwa mapipa saba ya chuma. Mwenye lori alikuwa ameyachukua kwa ajili ya mgodi wa dhahabu upande wa Salamabila, na kwenye karatasi iliandikwa kwamba ni chokaa. Kwa Zéphirin na Asani chokaa ni kitu cha kupaka ukuta. Subira aligonga pipa kwa kidole, akasikiliza, akainama akanusa mfuniko. Halafu akaona pipa la mwisho lina kutu, na kwenye kutu ile kuna tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Mbele yao, juu ya vilima, mvua ilikuwa imesimama kama ukuta mweusi.

Akamwita Asani. Alimweleza kwamba chokaa ile haijazimwa, kwamba pipa la mwisho lina tundu, kwamba maji yakiingia itavimba ndani ya chuma na kupasuka, kwa hiyo wasimame sasa, kabla ya mvua, walifunike kwa turubai. Ujumbe ulikuwa mrefu na upepo ulikuwa mkali. Asani aliinama dirishani akasema, "Mama anasema pipa iko na kutu."

"Mapipa yote iko na kutu," Zéphirin akajibu. "Umwambie mama kutu haina miguu, haitakimbia."

Asani aliinuka akamwambia mama kwamba mukwe amesikia. Hilo lilikuwa kweli kwa nusu. Subira angeweza kuinama mwenyewe kwenye dirisha lile, hatua mbili tu, akasema kwa sauti yake. Hakufanya. Katika miaka minne hakuwahi kufanya, na jambo hilo halikumjia akilini. 

Mvua iliwapata kabla ya Lusangi, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito chenye daraja la magogo. Zéphirin alisimamisha lori ili afunike mizigo. Lakini kupanda nyuma, mahali alipokaa mama mkwe, ni mwiko. Subira ilibidi ashuke kwanza, asogee kando ya barabara, asimame akiwapa mgongo, na mkwe apande. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mtu pekee aliyeijua chokaa alikuwa akitazama majani huku dereva akiinama juu ya pipa na turubai mikononi.

Alisikia mlio mwembamba, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Akageuka. "Asani, umwambie ashuke!" Asani akafungua kinywa, "Mama anasema—", na mfuniko ukaruka.

Zéphirin alianguka kutoka nyuma ya lori hadi barabarani, uso, kifua na mikono vyeupe pepe. Hakupiga kelele. Alisimama, akajifunika uso kwa shati lake, shati lile lile lililojaa unga, akaanza kukimbilia shimo la maji ya mvua kando ya barabara, dimbwi la kuchota mara tatu likaisha.

Subira alipiga ukelele Asani amshike, naye akamshika. Alimwagiza amrarue shati, akamrushia kikwembe kikavu kutoka ndani ya furushi la vitambaa vya mtoto, akasema ampanguse kifua na shingo, asisugue, akung'ute, ampeleke chini ya turubai ili mvua isimfikie mpaka unga utoke. Asani alifanya yote hayo, mikono yake ikianza kuungua naye akitukana kwa Kibangubangu, lugha aliyoijua kwa matusi tu. Lakini ilipofika kwenye macho alishindwa. Kope za Zéphirin zilikuwa zimekazana, na vidole vya Asani ni vya kubeba magunia. Alijaribu mara mbili. Mara ya pili Zéphirin alilia.

Subira akasogea. Aliposikia hatua zake zisizolingana, Zéphirin akageukia matope, akalala kifudifudi, akaficha uso kwenye mkono.

"Zéphirin, nigeukie." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake mbele yake.

"Hapana, mama. Ni haya."

"Haya tutalipia mbuzi. Jicho halina mbuzi. Nigeukie."

Hakugeuka. Akamshika mabega akamgeuza, akakiweka kichwa chake mapajani, akamfungua jicho la kulia kwa vidole viwili kama anavyofungua chaza. Ndani ya kope palikuwa na punje nyeupe. Alizitoa moja moja kwa ncha kavu ya kikwembe, kisha la kushoto, ambako punje zilikuwa zimekwisha kulowa na kushika. Hapo akamwambia Asani amshike miguu. Wakambeba hadi kijitoni, Subira akaketi ndani ya mkondo, maji yakimfika kifuani, akamlaza mkwewe chali mapajani, mdomo na pua nje, maji yakipita juu ya macho yaliyoshikwa wazi. Akakaa.

Huku juu, lori lilianza kufuka. Chokaa iliyomwagika ilikuwa imelowa na kuchemka juu ya mbao na magunia, na watu wa kijiji cha jirani, walioona moshi, walikuja wakikimbia na ndoo, watu wema waliotaka kuzima moto. Subira aliwaona kutoka kijitoni. Kuondoka kwenda kuwazuia kulimaanisha kuziachia kope zile zifunge juu ya chokaa iliyobaki. Hakuondoka. Ndipo sauti ile ya Nyangwe ilipomfaa. Aliwapigia kelele kwa Kiswahili na kwa Kizimba, lugha ya kijiji kile, kwamba atakayemwaga ndoo ataungua yeye na wenziwe. Alimwambia Asani awaongoze: wafunike mapipa sita mazima kwa turubai pamoja na mikeka yao, wasukume lile lililopasuka kwa miti mirefu hadi kwenye mwinuko wa changarawe, mbali na kijito, wafukie kwa udongo mkavu kutoka chini ya paa za nyumba zao, na wachimbe mfereji maji meupe yasishuke mtoni.

"Kamyo," alisema Zéphirin kutoka majini, akiliwazia lori. "Mama, kamyo ya watu."

"Nyamaza, maji yatakuingia kinywani."

Walimaliza. Lori lilibaki na ubao mmoja ulioungua. Kijiji hakikupoteza samaki wala mbuzi. Subira alikaa majini kwa muda ambao yeye huupima hivi: watu walipika muhogo, wakala, wakamletea, na mkono wake haukuwa huru kuupokea.

Watu wa kijiji waliwapeleka wote watatu kwenye dispensari ndogo ya njiani. Mganga wake, Fidèle, alikuwa kijana aliyelelewa Stanleyville, hodari wa dawa na mgeni kabisa wa desturi za kule. Aliendelea na maji, akasema aliyeanza kazi hii ameifanya sawasawa, akafunga macho yote mawili bendeji. Asani alifungwa mikono. Kuhusu kuona, Fidèle hakuahidi chochote. Alisema atafungua siku ya tisa, kisha atampelekea mwenye lori karatasi ya kusema kama dereva wake anaona. Kila mtu alijua karatasi hiyo ina maana gani: dereva kipofu ni mwanamume wa kukaa barazani, na Zéphirin alikuwa na miaka ishirini na nane.

Siku ya nne wajomba wa Zéphirin walifika kutoka Kabambare, wakiwa na habari kwamba Mwanvua amejifungua mtoto wa kike salama, na wakiwa na mbuzi. Walimshukuru Subira kwa maneno mazuri, kisha wakasema kwamba kichwa cha mkwe kimelala mapajani mwa mama mkwe, na jambo hilo haliwezi kuachwa wazi. Mbuzi alichinjwa, wawili hao wakanawishwa mikono kila mmoja peke yake, heshima ikarudishwa mahali pake. Mjomba mkubwa alimwonya Zéphirin kwamba sasa aishike kuliko zamani, maana kitu kilichovunjika kikaungwa hakivumilii kuvunjwa mara ya pili.

Siku ya tisa Fidèle alimkalisha Zéphirin kwenye kibao akifungua bendeji taratibu. Asani alisimama ukutani. Subira alijua kwamba hapaswi kuwepo. Mjukuu alikuwa akimngoja Kabambare kwa siku tano, na hata huko hakuwa ameenda. Alijiambia atahakikisha tu kwamba mkwe anaona, kisha ataondoka. Akasimama mlangoni, nyuma ya mganga.

Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa. La kulia lilikuwa jekundu, na katikati yake weusi.

"Mbele yako unaona nini?" Fidèle akauliza.

Zéphirin aliinamisha kichwa. "Sioni kitu."

"Mwanga je? Mulango?"

"Sioni mulango."

Fidèle akainua vidole. "Hii ni ngapi?"

"Sioni, muganga. Usiniulize tena."

Fidèle alivuta pumzi, akaenda mezani, akachukua kalamu. Asani alianza kulia bila kujificha, akijifuta kwa bendeji. Subira akashika mwimo wa mlango. Na ni katika kujishika hapo alipomtazama tena mkwewe, akaona kitu. Kabla ya kujibu, kila mara, Zéphirin alikuwa ameinamisha kichwa na kugeuka kidogo kuelekea ukuta, vile vile alivyogeuka miaka minne alipompita uani. Kipofu hana sababu ya kugeuza uso.

Hakusema neno. Alitoka, akazunguka nyumba, akasimama nyuma ya ukuta wenye dirisha dogo la juu.

"Muganga," akaita kutoka nje, "weka kalamu. Sasa umuulize. Mimi siko pale tena."

Fidèle akainua vidole tena. Kisha sauti ya Zéphirin: "Tatu."

"Na sasa?"

"Kimoja. Na hicho iko na kidonda kwenye ukucha."

Fidèle aligonga meza, akauliza kwa hasira kwa nini alitaka kumfanya aandike uongo. Zéphirin alimjibu kwamba aliketishwa uso kwa uso na mama mukwe, mbuzi wa wajomba bado yuko tumboni mwa watu. Angesema anamwona nani? Asani sasa alikuwa akicheka na kulia pamoja, akimwomba mganga amtolee na yeye karatasi, ya kichwa.

Nje, Subira alikuwa amechuchumaa kwenye udongo. Barabarani hakulia, wala kijitoni. Alilia hapo, kinywa kimefunikwa. Alipoweza kusema, aliinuka akasogea karibu kabisa na dirisha, akasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Asani, umwambie baba ya mutoto, jicho la kushoto haliko tena. Kamyo ikitoka mbele yake, asimame kando kwanza, ipite."

"Zéphirin," Asani akaanza, "mama anasema—"

"Nimesikia," Zéphirin akasema, akiuelekea ukuta. "Nitasimama, mama."